Sura ya Saba: Tairi Laini

Saa saba za mchana, Shimbirey, hata mbwa hana nguvu za kubweka. Upepo umelala, mbuzi wamelala, na ile laga, mto mkavu wa mchanga unaopita chini ya kijiji, inaonekana imefurika maji mpaka ukingoni, maji meupe yanayochezacheza, na ngamia wanayavuka bila kulowa hata goti. Mazigazi hayo. Inspekta Gatwiri alionywa siku ile ile alipohamishiwa Garissa kutoka Meru: huku ukiona maji, usiyaamini mpaka yakuloweshe. Miezi saba sasa, na bado kila alipoinua macho moyo wake ulisema, haya, leo ni maji kweli.

Kwa hivyo hakuinua macho. Alikuwa amepiga magoti njiani, pua karibu iguse mchanga, akiitazama alama ya tairi.

"Afande," akasema Konstebo Korane, "mimi nimezaliwa hapa, na sijaona mtu akibusu barabara."

"Inua mkeka kidogo. Polepole, usiutikise."

Korane akainua. Mikeka ilikuwa kumi na miwili, ya kila rangi. Aliiazima jana kwa akina mama wa kijiji akaitandaza juu ya nyayo za lori kabla upepo wa jioni haujazifuta. Hakuna aliyemwagiza. Jamani, ukipata konstebo wa aina hiyo mshikilie, maana bila yeye hapangekuwa na la kuchunguza.

Na wakubwa hawakutaka lichunguzwe. Mambo yalikuwa hivi. Jana adhuhuri, watu wakiwa msikitini, lori kuukuu la maji linaloendeshwa na kijana Abkul liliteremka kutoka juu ya mteremko, likaenda hatua arobaini na moja, likamkanyaga mzee Dagane, fundi wa pancha. Mzee alikuwa amejilaza kivulini kando ya tangi la kijiji, kwa sababu mguu wake mbovu haukumruhusu kufika msikitini. Alizikwa kabla ya magharibi. Watu walipotoka kwenye swala walimkuta Abkul ameng'ang'ania mlango wa lori, analia, na kabla hajaulizwa lolote akasema: mimi niliendesha, nilimwona, nikakanyaga breki, gari ikateleza. Isitoshe, juzi Dagane alimgombeza mbele ya watu kwa kuosha kioo cha lori kwa maji ya kunywa. Mkuu wa kituo alipiga simu asubuhi. "Gatwiri, ugomvi upo, ungamo lipo, unatafuta nini tena? Mlete kabla ya jua kuzama. Kesho anasomewa mashtaka ya mauaji."

Mauaji. Kwa kosa hilo Abkul angezeekea gerezani, naye alikuwa na miaka ishirini na sita tu.

"Vua kiatu," Gatwiri akamwambia Korane.

"Kwa mchanga huu? Unataka kunikaanga?"

"Hatua moja. Kanyaga, inua."

Korane akavua, akakanyaga, akaruka kando huku akiwataja mawalii. Unyayo wake ulibaki mchangani mzima, vidole vyote vitano, hata ufa wa kisigino ulionekana.

"Sasa kanyaga tena, ila uburute."

"Afande, wewe una roho mbaya."

Akaburuta. Safari hii hapakuwa na vidole wala ufa. Kulikuwa na mfereji tu.

"Gurudumu nalo ni mguu," Gatwiri akasema. "Likibingirika halisugui chini, hata kama linakwenda mbio. Kila kipande cha mpira kinashuka, kinakanyaga, kinatulia pale kidogo, kisha kinainuka. Ndiyo maana linaacha maua yake yote, kama muhuri wa chifu. Lakini breki ikilifunga, haliinuki tena, linaburutwa, na linafuta kila kitu. Tulifundishwa haya kozi ya trafiki. Mwalimu aliita huo wa kwanza msuguano tuli, na huu wa pili msuguano wa kuteleza, nasi tukasinzia."

Wakafunua mkeka mmoja baada ya mwingine. Joto lilikuwa linapanda kutoka ardhini na kuitikisa hewa, mpaka nyayo zenyewe zikaonekana zinatembea. Lakini maua yalikuwa pale, safi, mshale juu ya mshale, toka juu ya mteremko mpaka karibu na tangi, mahali ambapo mchanga ulikuwa bado mweusi kwa damu.

"Hakukanyaga breki," Korane akasema hatimaye, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Basi alidanganya. Alimwendea mzee kusudi. Mkuu ana haki."

"Au," Gatwiri akasema. "Njoo huku kwanza."

Akampeleka ukingoni mwa laga, pale ambapo lori lile lile lilipanda jana asubuhi likitoka Dadaab. Magurudumu ya nyuma ya lori huwa mawili mawili, na lile la nje huacha alama yake peke yake, haichanganyiki na ya la mbele. Hapo ukingoni alama ya la nje ilikuwa imeraruka, mchanga umetupwa nyuma mafungu mafungu.

"Hapa injini inasukuma," akasema. "Gurudumu la nyuma linang'ang'ana na mchanga, linaukwangua. Kule mteremkoni umeona kukwanguliwa popote?"

Korane akarudi mwenyewe kuangalia. Alichukua muda wake. Alipokuja, alikuwa anajikuna kidevu.

"Hapana. La nyuma na la mbele sawasawa. Yametulia."

"Hakuna breki, na hakuna injini. Lori lilikwenda lenyewe, Korane, kama mtu anayetembea usingizini."

Abkul alikuwa ameketishwa kivulini mwa gari la polisi, pingu mikononi, chupa ya maji mbele yake haijafunguliwa. Kijana mwembamba, macho mekundu. Gatwiri akachuchumaa mbele yake.

"Uliweka gia gani?"

"Ya pili."

"Breki ulikanyaga wapi?"

"Karibu na mzee."

"Nionyeshe."

"Sikumbuki, afande."

"Handibreki?"

"Ilikatika Ramadhani."

"Mungu apishe mbali! Lori limejaa maji, halina handibreki, na Shimbirey nzima hakuna jiwe hata la kumtupia mbwa. Unaliegeshaje?"

Hapo kijana akajisahau. Mtu akiulizwa habari ya kazi yake hujibu tu, hata kama roho iko kaburini.

"Hapa ni mchanga. Tukivuka laga tunatoa upepo, tairi inakuwa laini, haizami. Tukifika huku juu, hiyo tairi laini ndiyo breki. Gari haiendi mahali, hata wasukume watu kumi. Tangu Ramadhani nafanya hivyo."

"Na gia?"

"Naacha frii. Gia ya hii gari ikiingia na joto, haitoki bila nyundo."

"Kwa hivyo jana uliliacha na tairi laini, gia frii, ukaenda kuswali."

Abkul akaziangalia pingu zake. Nzi alitua kwenye pingu, akatembea, akaruka.

"Nimesema mimi niliendesha," akanong'ona. "Andika hivyo. Nipeleke Garissa."

"Njia ya mwongo ni fupi, Abkul. Yako ina hatua arobaini na moja."

Gatwiri aliinuka akiwa na hasira, na hasira yenyewe ilimshangaza. Wauaji aliwajua, hukana mpaka mwisho. Huyu alikuwa anaililia jela kama mtoto anayelilia ziwa la mama.

Mkeka wa mwisho, ule mkubwa, ulifunika mahali lori liliposimama jana. Korane alipouvuta, Gatwiri akashusha pumzi. Alama nne za kusimama zilikuwa pana, zimetanuka kama chapati, kila moja imejichimbia kijishimo kifupi. Akaweka kiganja: shibiri mbili kasoro vidole viwili. Kisha akashuka hatua tatu chini ya mteremko, akapima alama ile ile ikiwa inakwenda. Shibiri moja na kidogo, lakini imezama zaidi.

Akapima mara tatu, kwa kuwa mchana ule hakuyaamini macho yake mwenyewe.

"Lilisimama na tairi laini," akasema, "likaondoka na tairi ngumu. Mtu alilijaza upepo likiwa limesimama."

"Na tairi ngumu inateremka yenyewe?"

"Ndiyo ninataka kuona. Tairi laini kwenye mchanga haina raha. Kila ikitaka kwenda inakuta inapanda ukingo wa shimo lake yenyewe, na mpira unajikunja na kujikunjua, kama wewe ukitembea juu ya godoro. Ngumu haina shida hiyo. Kompresa ipo wapi?"

"Shimbirey nzima ipo moja," Korane akasema. "Kwa marehemu."

Hapa ndipo Gatwiri alipokosea, na mimi simlaumu, alikuwa mgeni. Alishaamua kichwani kwamba aliyejaza upepo ni Abkul mwenyewe, kimyakimya, ili lori lifanye kazi ya mkono wake. Hakuuliza zaidi. Korane naye hakusema, si kwa kuficha. Kuna mambo ya nyumbani ambayo mtu haoni kama ni mambo. Pale Shimbirey, lori likishavuka laga, wa kibanda cha pancha hulijazia upepo bila kuombwa, dereva akiwa swala au kwenye chai, ili akirudi akute safari iko tayari. Naye dereva huacha jerikeni ya maji mlangoni. Hakuna anayeshukuru wala anayekumbuka, kama vile hakuna anayeuliza nani amefagia uwanja.

"Lakini mama Saynab yuko eda," Korane akaongeza. "Mume amezikwa jana. Na hiyo mashine ina wazimu, haimtii mtu mwingine. Tangu mguu wa mzee uharibike, ni yeye anaishika."

Sauti ikatoka nyuma yao. "Nitaishika."

Saynab alikuwa amesimama mlangoni pa kibanda, amejifunika nguo nyeupe za msiba toka kichwani mpaka chini, na katika weupe ule wa mchana ilikuwa vigumu kujua yeye anaishia wapi na jua linaanzia wapi. Mwanamke mrefu, wa miaka kama hamsini, viganja vyenye sugu.

"Mama, pole sana," Gatwiri akasema. "Si lazima. Naweza kuagiza mashine kutoka Garissa."

"Itafika kesho, na kesho huyu yuko kwa wakili." Hakumtazama Abkul, alimwonyesha tu kwa kidevu. "Alikuja hapa kutoka Mandera hana mtu. Miaka tisa nimempa chai, nimempa chakula, ananiita eeddo, shangazi. Halafu anapanda juu ya mzee wangu na gari. Kama upepo wangu ndio utamfunga, afande, nitaijaza hiyo tairi na mdomo."

Abkul alikuwa amesimama sasa. "Eeddo, usitoke. Rudi ndani. Afande, mwambie arudi ndani!"

"Nyamaza," Korane akamwambia.

Lori lingine lilikuwa limelivuta lile la Abkul asubuhi mpaka juu, kwa kuizunguka mikeka, tangi bado limejaa. Wakaliweka kwenye vijishimo vyake vile vile, gia frii, Korane akatoa upepo mpaka tairi zikatanuka. Hatua kumi chini ya mteremko wakapanga magunia ya mchanga, safu tatu. Kwanza wakajaribu hivyo hivyo. Korane na wanaume wanne wakasukuma mpaka mishipa ikawatoka shingoni. Lori halikutingishika.

"Sasa jaza, mama," Gatwiri akasema, akafungua daftari.

Saynab akavuta kamba ya kompresa mara mbili, akaitukana kidogo, ikaitika. Mngurumo wake ukaenea juu ya laga, na ngamia wa kwenye mazigazi wakageuza vichwa. Akachomeka mpira kwenye gurudumu la nyuma. Alifanya kazi bila kuangalia mikono yake, akizungumza kwa sauti isiyo na kitu ndani, kama wafanyavyo watu ambao hawajalala.

"Nyuma kulia kwanza. Kisha nyuma kushoto. Mbele mwisho. Mzee alinifundisha hivyo, kwa sababu uzito uko nyuma. Jana pia nilianza hapa."

Kalamu ya Gatwiri ikasimama.

"Zima hiyo mashine!" Abkul akapiga kelele. "Afande, nimekubali! Nilimuua mimi, nilimchukia, andika, nitatia sahihi! Zima!"

Gatwiri akamtazama kijana, akamtazama mama. Ndipo alipojua kwa nini mtu anaweza kuililia jela. Abkul alitoka msikitini kabla ya wenzake, akaona lori lake linakwenda, akalikimbilia, akachelewa. Na alipoona tairi zimejaa, alijua ni mkono wa nani. Mkono mmoja tu. Kuanzia pale alikuwa na nafasi ya kujiokoa kwa neno moja, akalimeza.

"Inatosha, mama," Gatwiri akasema. "Zima."

"Bado moja."

"Nasema inatosha."

"Nami nasema bado moja." Akachomeka la mwisho, akajaza, akaligonga kwa ngumi kama mtu anayejaribu tikiti maji, akazima mashine.

Kimya kikarudi. Lori lilikuwa limesimama pale pale.

Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili ya kazi, Gatwiri akaomba ushahidi wake uwe uongo. Lisipokwenda, kijana anakufa gerezani kwa kosa si lake. Likienda, yule mama hatakuwa na mahali pa kuweka kichwa chake maisha yake yote. Na bado aliomba: kaa hapo hapo, kaa. Mbele ya kila gurudumu palikuwa na kijiukingo cha mchanga, ukubwa wa kidole gumba, na hicho tu ndicho kilichokuwa kimelishika tangi zima la maji.

Saynab akakunja mpira wa upepo begani. "Umeona?" akamwambia Gatwiri. "Haiendi. Ni yeye. Mchukue." Akageuka kurudi kibandani, polepole, nguo nyeupe zikiburuzika mchangani.

"Nenda, mama," Gatwiri akasema haraka. "Ingia ndani ulale."

Punje ya mchanga ikaporomoka. Kisha nyingine. Kitu kilichotulia ni kigumu kukianzisha, mwalimu wa trafiki alisema hivyo, na kikishaanza ni rahisi. Ukingo ukamomonyoka mbele ya gurudumu la kushoto, bila kelele, kama sukari inayolowa chai. Lori likainama kidogo, likafikiri, likaondoka.

Lilikwenda taratibu sana. Hapakuwa na mngurumo, ila mlio mdogo wa mchanga unaokanyagwa, na nyuma yake maua yakatoka moja moja, mshale juu ya mshale. Saynab aliusikia mlio ule, akageuka. Lori likampita umbali wa mkono, usukani ukitikisika wenyewe, kiti kitupu. Likafika kwenye magunia, likayapanda nusu, likasimama. Maji yakapiga ndani ya tangi, yakarudi, yakapiga tena, kisha yakatulia.

"Nani yumo ndani?" Saynab akauliza.

Korane akavua kofia yake.

"Korane, mwanangu. Nani yumo ndani?"

"Hakuna mtu, hooyo, mama yangu," Korane akasema, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi.

Akaangalia magurudumu. Akaangalia mpira uliokunjwa begani kwake, akaushusha, akauweka chini kwa uangalifu, kama kitu kinacholala. Akatembea mpaka kwa Abkul. Kijana alikuwa amepiga magoti, amejificha uso kwa mikono yenye pingu.

"Ulijua?"

"Ni mimi, eeddo. Mimi niliiacha bila breki. Ni mimi."

"Nimekuuliza, ulijua?"

"Nilijua."

"Tangu jana ulijua, ukanyamaza." Sauti yake ilianza kukatika. "Nami usiku kucha nimekuapiza. Nimeketi juu ya mswala nikaomba Mungu akuoze mikono. Wewe! Ya Rabbi, nisamehe, wewe!"

Abkul alilia kwa kwikwi.

"Mama, sikiliza," Gatwiri akasema, na maneno yote ya kozi zote yalikuwa yamemkimbia. "Ilikuwa ajali. Ulifanya wema. Hakuna mahakama itakayoliita kosa."

Saynab akaonyesha pingu za Abkul. "Mfungue," akasema.

Gatwiri akatoa ufunguo, akamfungua Abkul. Pingu zilikuwa za moto kwa jua, karibu zimponyoke. Alipoinua uso, Saynab alikuwa mbele yake, amekunja mikono ya ile nguo nyeupe mpaka kwenye viwiko, ameinyoosha mikono yote miwili pamoja, viganja juu, vina mafuta ya mashine.

"Hapana, mama," Gatwiri akasema. "Hazikuhusu hizi."

"Nifunge."

"Hakuna sheria ya kukufunga."

"Basi nani atanifunga?" Saynab akauliza, akangoja jibu, na hakuishusha mikono.